Ranger ya nkambo: jina moja, injini mbili

Kwa miezi kumi na minne kichwa cha injini ya gari la nkambo, yaani babu yangu, kilikaa juu ya meza ya mbao katika garaji moja ya Kenya, komini (mtaa) ya hapa Lubumbashi na si nchi, kimefunikwa gunia la unga ili vumbi lisiingie. Gari lenyewe lilisimama nje, boneti wazi, kuku wakitaga chini yake. Katika miezi hiyo tulinunua kutoka Afrika Kusini gasketi mbili, zile bamba nyembamba za kuziba kati ya kichwa na injini, na zote mbili zikakataa kukaa. Tulikaribia kuiuza injini kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kuweka ya Toyota mahali pake. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na fundi walinuniana hadi wakaacha kusalimiana. Nasimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyetudanganya. Karani aliyeandika karatasi za gari, kijana wa duka la piyesi (vipuri) kule Johannesburg, dereva wa lori, fundi wetu, kila mmoja kwa upande wake alisema kweli, na bado gari halikuwaka.

Nkambo alikuwa mshika hesabu katika duka la Mbelgiji mmoja mjini. Mwaka 1971 yule Mbelgiji aliagiza gari jipya kutoka kwao. Lilikuja kwa meli hadi Lobito, kisha likapandishwa treni ya Benguela, njia iliyokuwa ikileta mizigo mingi ya Katanga, eneo letu, kabla vita vya Angola havijaikata mwaka 1975. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanapewa Wazaire. Mbelgiji akafunga virago. Duka lilikwenda kwa mtu mwingine, lakini gari alimwachia nkambo kwa bei ya kuagana. Ndivyo mshika hesabu wa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, alivyopata gari ambalo hata wakubwa wa migodi walikuwa wakiligeukia, kwa kuwa halikufanana kabisa na lolote lililokuwa barabarani.

Ukilitazama kwa ubavu unaona Opel Rekord, ile ya mwisho wa miaka ya 1960, yenye mstari wa nyuma uliojikunja kidogo kama nyonga. Ukilitazama kwa mbele unaona gari jingine: grili yake haikuwahi kuwa ya Opel. Na kwenye chuma liliandikwa RANGER. Herufi mbili zilishadondoka zamani, zimebaki tundu za vishikizo vyake. Lakini karti roze, ile karatasi ya umiliki, inasema waziwazi: Opel.

Tofauti hiyo ya jina ndiyo mzizi wa mambo yote. Nyumbani tulikua tukiambiwa kwamba karani wa biro, yaani ofisi, alikosea, kwamba hakulijua gari akaandika alichozoea kukiona. Nkambo mwenyewe lilimuuma. Alikuwa mtu wa hesabu, na kosa lililopigwa muhuri lilimkera kuliko deni. Alipofariki, yaya wangu alilichukua lile jambo kama urithi. Mtu akisema "ile Opel yenu", yeye humsahihisha palepale: Ranger.

Siku gari lilipoharibika, dalili zilikuwa za wazi. Lilichemka kwenye mteremko wa kurudi kutoka Ruashi, na tulipochomoa kijiti cha mafuta, oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Fundi alikifungua kichwa, bolti moja ikamkatikia mkononi, akakitoa hivyohivyo. Gasketi ya zamani ilikuwa imekauka, ikasambaratika. Akatuambia tutafute nyingine.

Hapo ndipo yaya alipoingia kwenye intaneti na kuandika lile jina alilolitetea maisha yake yote. Na jina likamjibu.

Likamwambia kwamba Ranger ni gari la Afrika Kusini. Hilo ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 General Motors ililitoa katika kiwanda chake cha Port Elizabeth, mji unaoitwa sasa Gqeberha, na kulitangaza kama gari la Afrika Kusini yenyewe. Likamwambia pia kwamba injini yake ni ya Chevrolet, silinda nne, ya lita 2.1 au lita 2.5. Hilo nalo ni kweli. Yaya akampigia dereva wa lori anayepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila mwezi kwenda Johannesburg. Dereva akaomba jina la gari na ukubwa wa injini. Ukubwa hatukuujua, tukasema lita 2.5 kwa sababu nkambo alikuwa akisifu nguvu zake. Wiki tatu baadaye gasketi ikafika, dola 60 pamoja na shukrani ya dereva. Tukailaza juu ya injini. Matundu ya bolti hayakukutana hata mawili. Tukaagiza ya lita 2.1. Mambo yakawa yaleyale.

Ili kueleza kwa nini, inabidi niache garaji kidogo, nirudi kwenye historia ya gari lenyewe, na ni historia ninayoipenda sana.

General Motors ilikuwa mzazi wa nyumba nyingi. Iliinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925, ikaingia Opel ya Ujerumani mwaka 1929, ikaichukua Holden ya Australia mwaka 1931. Pamoja na Chevrolet ya Marekani, hizo ni jiko nne, kila moja ina mapishi yake na vyombo vyake. Mbali na nyumba hizo ilikuwa na viwanda vya kuunganishia tu: Antwerp nchini Ubelgiji tangu 1925, Port Elizabeth tangu 1926, Biel nchini Uswisi tangu 1936. Viwanda hivyo havikubuni gari lake mwenyewe. Vilipokea makasha ya piyesi kutoka kwa wengine na kuziunganisha ziwe gari.

Afrika Kusini ya miaka ya 1960 ilitaka zaidi ya kuunganisha piyesi za wengine. Serikali iliweka masharti ya piyesi za ndani, hatua kwa hatua. Hatua ya mwaka 1964 ililenga gari liwe na asilimia 55 ya vitu vilivyotengenezwa nchini, na ile iliyoanza 1971 ikalenga asilimia 66. Jambo ambalo wengi hulipita ni namna asilimia hiyo ilivyopimwa. Haikupimwa kwa bei, ilipimwa kwa uzito. Kwa kipimo cha uzito, nati elfu ndogondogo hazikusaidii kitu. Unachohitaji kutengeneza nyumbani ni kile kinacholemea mizani, na ndani ya gari injini ya chuma cha kusubu ni kati ya vitu vinavyolemea zaidi. Chevrolet walikuwa nayo tayari. Ni injini ya inchi za ujazo 153, yaani lita 2.5, waliyoiweka kwenye Chevy II huko Marekani tangu 1962, ndugu mdogo wa injini yao ya silinda sita. Ni nzito, ni rahisi, haina makuu. GM ikaitengenezea Aloes, nje kidogo ya Port Elizabeth.

Bodi ikatoka kwa Opel, ile Rekord C iliyozaliwa Ujerumani mwaka 1966. Uso ukafuata Vauxhall Victor ya 1967. Ukiweka injini ya Kimarekani chini ya boneti ya Kijerumani nyuma ya grili ya Kiingereza, ukalipa jina jipya, umepata gari la taifa. Wapo wanaolicheka kwa hilo. Mimi silicheki. Watu waliolifunga walifanya kazi ya ustadi, maana si mchezo kuiketisha injini ya inchi ndani ya bodi ya milimita na kuifanya isitetemeke. Kinachonisumbua ni lile tangazo. Gari likaitwa la Afrika Kusini yenyewe katika nchi ambayo wenyewe wengi hawakuruhusiwa kupiga kura wala kuchagua pa kuishi. Piyesi ziliweza kuchanganyika kutoka mabara matatu, watu wa mji mmoja wakakatazwa.

Kisha jina likavuka bahari. Mwaka 1970 Antwerp nayo ikaanza kutoa Ranger, kwa ajili ya Ubelgiji na Uswisi, na Biel ikaunganisha zake hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1975. Bodi ni ileile ya Rekord, jina ni lilelile. Lakini Antwerp haikuwa na sababu yoyote ya kusafirisha chuma kizito kutoka Aloes. Hakuna aliyewapimia Wabelgiji uzito wa piyesi za nyumbani, na injini za Opel zilikuwa karibu, kiwanda hichohicho kilikuwa kikizifunga kwenye magari ya Opel. Kwa hiyo Ranger ya Ulaya ikapewa injini ya Opel.

Magari mawili, jina moja, injini mbili zisizojuana. Ukiuliza "Ranger" unajibiwa kuhusu lile lenye kelele zaidi, na lenye kelele ni la Port Elizabeth, kwa kuwa ndilo lililotangazwa kama fahari ya nchi. Lile la Antwerp liliuzwa katika nchi mbili ndogo na kusahaulika kimyakimya.

Turudi garajini. Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja aliyestaafu, fundi wa zamani wa magari ya kampuni ya migodi. Alikuja kwa jambo lingine kabisa, kuazima jeki. Akaliona gunia, akalifunua kama mtu anayefunua sufuria ya jirani, akasimama. Yaya alimweleza habari ya gasketi zetu mbili. Mzee akamsikiliza hadi mwisho.

"Nani alibaambia asema hii moteri inatoka Afrika Kusini?"

"Ni Ranger, Muzee. Ranger ni ya kule."

"Na kartasi ya motokari inasema nini?"

"Inasema Opel. Lakini ile ni makosa ya biro."

"Haiko makosa, mwana. Hii moteri iko Opel."

Akachukua kitambaa, akakilowesha petroli, akasugua ubavu wa injini mpaka grisi ya miaka hamsini ikatoka. Zikajitokeza alama zilizogongwa kwenye chuma: 19S. Lita 1.9, injini ya Opel. Yaya alikaa kwenye tairi. Nilimwona usoni, na nadhani lililomuuma si zile dola 120 za gasketi. Karani ambaye familia yetu ilimsema vibaya kwa karibu miaka hamsini alikuwa ameandika jambo lenye manufaa kuliko jina lililokuwa kwenye boneti.

Hata hivyo sitaki kumpa karani sifa zote. Huenda aliandika alichozoea, kama tulivyosema siku zote, na akapatia bila kukusudia. Ninalotaka kulionyesha ni jingine. Ushahidi ulikuwa mezani tangu siku ya kwanza, na macho yetu manne hayakuuona.

Injini ya Chevrolet ya lita 2.5 ina shafti ya kamu, ile fimbo yenye vinundu inayofungua valvu, chini ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Inasukuma valvu kwa vijiti virefu vinavyopanda juu. Ukikitoa kichwa cha injini hiyo, unabaki na vijiti mkononi, na kichwa chenyewe hakina shafti. Injini ya Opel iliyotoka mwaka 1965 imejengwa kwa namna yake ya pekee: shafti ya kamu imelala ndani ya kichwa chenyewe, pembeni ya valvu, ikizungushwa na mnyororo. Vijiti virefu hakuna. Kwa hiyo kile kitu kilichokuwa chini ya gunia, chenye shafti inayoonekana kwa yeyote anayeinama, hakingeweza kuwa cha Chevrolet hata kwa dakika moja. Fundi wetu aliishika shafti ile kwa mikono yake. Lakini sisi tulishamwambia ni injini ya Afrika Kusini, na yeye ni kijana mwenye adabu, hakutaka kubishana na wenye gari.

Ushahidi wa pili ulikuwa mfukoni mwake. Alifungua kila bolti kwa spana za milimita. Injini ya Chevrolet ya enzi hizo ni ya inchi. Gari la Port Elizabeth lingemlazimisha kubadilisha spana kila anapotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini, na hilo fundi yeyote angelilalamikia siku ya kwanza. Yeye hakulalamika, na hatukujiuliza kwa nini.

Na wa tatu ulikuwa mkubwa kama nyumba: usukani uko kushoto. Afrika Kusini huendesha kushoto mwa barabara, usukani wake uko kulia. Hilo tuliliona, ila hapa Lubumbashi usukani umeacha kuwa ushahidi. Sisi huendesha kulia kama Wabelgiji, lakini barabara zetu zimejaa magari yenye usukani wa kulia yanayoingia kwa Kasumbalesa, na mafundi wa hapa wanajua kuhamisha usukani. Yaya alisema tu: "Labda waliuhamisha." Maelezo yanayowezekana yakaua ushahidi wa kweli. Njia ya kutoka kusini ilipitia Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Zambia, na mpaka wa nchi hizo ulifungwa Januari 1973. Hata kabla ya hapo, Mbelgiji aliyekuwa na njia ya Antwerp na Lobito alikuwa na sababu gani ya kuagiza gari la usukani wa kulia kutoka kusini, kisha aligeuze? Tungelijiuliza swali hilo, tungeokoa mwaka.

Mzee alitufundisha jambo moja zaidi, na nalitaja kwa faida ya yeyote mwenye injini hii. Ile bolti iliyokatika haikukatika kwa uzee. Katika injini hii shafti ya kamu hupita juu ya baadhi ya bolti za kichwa na kuziba njia. Opel walichonga mapengo kwenye shafti, kwa hiyo unaizungusha injini taratibu mpaka mapengo yaelekee bolti, ndipo kifaa kinaingia wima hadi mwisho. Zaidi ya hapo, mbele kabisa kuna bolti mbili ndogo zinazoshikisha kichwa kwenye kifuniko cha mnyororo, zimejificha, na asiyezijua huvuta hadi avunje. Fundi wetu aliingiza kifaa kimelala upande, akakaza nguvu, bolti ikakatika. Mzee hakumgombeza. Alimshika mkono, wakaizungusha shafti pamoja, akamwonyesha pengo moja baada ya jingine. Nilitamani nkambo angekuwepo.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi ajabu. Injini hii ya Opel haikukaa kwenye Ranger peke yake. Ilikuwa kwenye Rekord, Ascona, Manta, na kwenye Opel GT, kale kagari ka michezo ambacho Wajerumani na Wamarekani wanakatunza hadi leo. Kwa sababu ya watu hao gasketi zake bado zinatengenezwa. Dada yetu aliyeko Brussels aliagiza seti nzima, na safari hii hatukumtumia jina la gari. Tulimtumia 19S, na picha ya kichwa kikiwa juu ya karatasi ya mirabaraba, matundu yote yamechorwa kwa kalamu. Seti ikaja kwenye sanduku la ndugu aliyerudi likizo. Bolti iliyovunjika ilitobolewa na kutolewa kwa siku mbili za uvumilivu. Kichwa kilisawazishwa, kikafungwa, oili ikabadilishwa mara mbili hadi weupe ukaisha. Gari likawaka mara ya tatu ya kujaribu, likatoa moshi wa maji yaliyokuwa yamelala, kisha likatulia kwenye mlio wake wa zamani. Yaya na fundi walipeana mikono mbele ya kila mtu.

Ndugu za ile injini ya Chevrolet nao wapo, mahali nisipopategemea. Kampuni ya MerCruiser iliichukua ya inchi 153 na kuiweka kwenye boti. Mwenye Ranger ya Port Elizabeth akikosa piyesi kwenye maduka ya magari, aulize kwa watu wa boti. Gasketi zetu mbili zimetundikwa ukutani garajini na ukubwa wake umeandikwa juu. Fundi hataki kuziuza kwa bei ya chuma. Anasema kusini ya hapa lazima yuko mtu anayezitafuta.

Kubadilisha karti roze tumeacha. Yaya mwenyewe ndiye aliyesema iachwe kama ilivyo, na kwenye daftari la gari, lile ambalo nkambo alikuwa akiandikia kila lita ya petroli, ameongeza ukurasa kwa mwandiko wake: bodi Opel Rekord C, injini Opel 1.9 S, limefungwa Antwerp, jina Ranger.

Imebaki grili. Ina ufa upande wa kushoto na kipande kimoja kimepotea tangu enzi za nkambo. Tumepiga picha mbele na nyuma, tumepima kutoka tundu hadi tundu kwa milimita, tumetuma Uingereza kwa watu wanaokusanya Vauxhall Victor. Jina la Ranger hatukuliandika popote kwenye barua ile. Jibu tunalingoja.